Irmtraud na Uso wa Nne wa Lenzi

Irmtraud Velten aliingia chumba chetu cha hesabu mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na tatu, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na kabla ya saa nne ya asubuhi alikuwa amekwisha kumuudhi Bi Haas.

Bi Haas ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Tulikuwa wanawake tisa, ghorofa ya tatu ya kiwanda cha kamera, pale Wetzlar, Ujerumani, madirisha yakitazama mto Lahn. Kila mmoja na meza yake, kitabu chake cha majedwali, na mashine yake ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. Mashine tisa zikizunguka kwa pamoja utadhani mtaa mzima unasaga kahawa. Kazi yetu ilikuwa kufuata miale ya mwanga kwenye karatasi. Maana lenzi ya kamera si kioo kimoja kama wengi wanavyodhani. Ni vioo vinne, vitano, sita, vimepangwa ndani ya bomba, na mwale wa mwanga hupinda kila unapokutana na uso wa kioo. Daktari Wengler, mbunifu wa lenzi, alikaa ghorofa ya juu yetu. Alituletea vipimo: uso huu umebinuka kiasi hiki, kioo hiki kinene kiasi hiki, sasa niambieni, mwale ukiingia hapa utatokea wapi? Sisi tukakokotoa. Mwale mmoja, nyuso kumi, saa nzima na robo, ikiwa hukukosea. Na kwa kuwa binadamu hukosea, kila mwale walipewa wanawake wawili wasioonyeshana, kisha Bi Haas akalinganisha majibu.

Basi Irmtraud akapewa mwale wake wa kwanza. Akautazama, akainua mkono kama yuko darasani.

"Samahani, Bi Haas. Huu mwale unakwenda wapi?"

"Unakwenda kwenye safu inayofuata."

"Hapana, nauliza kule kwenyewe. Ndani ya lenzi."

Mashine zote zikanyamaza. Bi Haas akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Bi Velten, humu tunakokotoa. Wa kuuliza anakaa ghorofa ya nne, na ana cheti cha chuo kikuu."

"Haya, Bi Haas," akasema Irmtraud, akaanza kuzungusha. Lakini mimi nilimwona anachora kitu kidogo pembeni mwa karatasi, akakifuta, akakichora tena.

Mimi ndiye niliyewekwa jozi naye. Jina langu Walburga, ila hakuna aliyewahi kuniita hivyo isipokuwa padri. Wote huniita Burgel. Nilikuwa na miaka sita chumbani mle na sikuwahi kukosea zaidi ya mara mbili kwa mwezi, jambo nililojivunia kuliko nywele zangu. Saa sita tulishuka kula kwenye ukuta wa mto, mkate mweusi na soseji ya maini, miguu ikining'inia juu ya maji.

"Burgel, wewe miaka yote hiyo hujawahi kutaka kujua?"

"Kujua nini?"

"Kwa nini vioo sita. Kwa nini visiwe kimoja."

"Kwa sababu cha sita kinaleta bei kubwa zaidi."

Akacheka hadi soseji ikataka kutumbukia mtoni. Baba yake alikuwa fundi wa miwani kule Braunfels, na yeye amekua akichezea vipande vya vioo vilivyokataliwa kama watoto wengine wanavyochezea goroli. Akaniambia kwamba kioo kimoja hakiwezi kuukusanya mwanga wote mahali pamoja. Miale ya pembeni hupinda mno, inafika mapema. Ya katikati inachelewa. Na nyekundu haikubali kutua ilipotua buluu. Kila kioo kina kosa lake. Basi unakitafutia kioo cha pili chenye kosa la kinyume.

"Ni kama mume mpole kupita kiasi na mke mkali kupita kiasi," akasema. "Mmoja mmoja hawafai. Waoanishe, nyumba inasimama."

"Basi wazazi wangu walikuwa lenzi nzuri sana."

"Lakini wakiwa sita, Burgel! Sita wanaishi nyumba moja, kila mmoja na kasoro zake, na unataka wote wafike mezani kwa wakati mmoja. Huo ndio ubunifu wa lenzi. Hakuna kingine."

Nilirudi juu siku ile nikazitazama tarakimu zangu kwa jicho jingine. Miaka sita nilikuwa nikiandika habari za watu nisiowajua.

*

Sasa, mwaka ule Daktari Wengler alikuwa na jambo lililomkosesha raha. Alitaka kutengeneza lenzi yenye tundu kubwa, inayomeza mwanga mwingi, ili mtu apige picha ndani ya nyumba, kwa mwanga wa dirisha tu, bila taa ya flashi. Miezi minane alikuwa ameihangaikia. Katikati ya picha, safi kabisa. Lakini pembeni, kila nukta ya mwanga ilichorwa kama nyota yenye mkia. Mshumaa ukiwa pembeni unaota mkia. Taa ya barabarani, mkia. Daktari alibadilisha mbinuko, akabadilisha aina ya kioo, akatuletea vipimo vipya kila Jumatatu. Mkia ulipungua hapa ukarefuka pale.

Alikuwa mtu mwema, mrefu, aliyesahau kofia yake kila mahali, na kila karatasi iliyotoka kwake ilikuwa na alama ya mafuta ya jibini. Sisi wanawake, Mungu atusamehe, tulimcheka. Mtu akirudi kutoka ghorofa ya nne tulimuuliza, "Daktari hajambo?" Naye akajibu, "Hajambo, ila mkia bado." Siku moja mwenzetu mmoja alisema hayo Daktari akiwa amesimama nyuma yake mlangoni. Daktari akakohoa, akasema taratibu, "Ni kweli. Bado." Akaondoka, akasahau kofia.

Irmtraud hakucheka siku ile. Aliniambia tukiwa ngazini, "Anajaribu kuukata mkia. Hajaangalia unapoota."

"Wewe unajua unapoota?"

"Sijui. Njoo kwangu Jumapili. Na uvae soksi safi."

Alikuwa amepanga chumba juu ya duka la nyama la Mama Knapp, mjane mwenye mikono mikubwa na moyo mkubwa zaidi. Jumapili baada ya misa nilipanda hadi darini, mahali Mama Knapp alipoanikia shuka zake, nikakuta sakafu yote imefunikwa karatasi ya kufungia nyama. Mita saba kwa urefu. Juu yake Irmtraud alikuwa amechora ile lenzi ya Daktari, imekuzwa hata kioo kimoja kilikuwa kikubwa kama gurudumu la baiskeli. Na ndani yake alikuwa amechora miale, mmoja mmoja, kwa penseli nyekundu na buluu. Ile ile miale tuliyoikokotoa tangu Machi. Alikuwa akinakili tarakimu zake jioni nyumbani na kuzichora kwa rula.

"Umelogwa wewe," nikamwambia.

"Vua viatu. Tembea na huu mwekundu, wa chini. Taratibu. Uniambie unasikia nini."

Nikaona ni upuuzi, lakini nikatembea. Nikaingia uso wa kwanza, mwale ukapinda kidogo, kama njia ya bustanini. Uso wa pili, kidogo. Wa tatu, kidogo. Kisha nikafika mahali kioo cha pili na cha tatu vilipogandishwa pamoja kwa gundi, uso wa nne, na mguu wangu ukatoka nje ya mstari. Mwale ulikuwa umekata kona ghafla, kama mtu aliyejikwaa.

"Hapa," nikasema. "Hapa nimetoka njiani."

Irmtraud akapiga makofi, akaruka, na vumbi likamwagika dukani chini. Mama Knapp akapaza sauti, "Mnachinja nini huko juu?"

"Tumempata, Mama Knapp!"

"Nani?"

"Uso wa nne!"

"Haya, mkimaliza naye mje mnywe kahawa."

Tukakaa juu ya karatasi, Irmtraud akanieleza akihema. Kila mwale ulipita kwa upole nyuso tisa, lakini uso ule wa nne ulibebeshwa kazi ya kusahihisha makosa ya wenzake wote. Mwale wa katikati ulivumilia. Wa pembeni, unaoingia kwa mshazari, ulifika pale ukasukumwa kwa nguvu mno, ukaruka kupita wenzake. Ndio mkia wenyewe. Na Daktari hakuweza kuutuliza uso ule, kwa kuwa vioo vimegandishwa: mgongo wa kimoja ndio tumbo la mwenzake. Ukibadilisha huyu umembadilisha yule.

"Sasa je, tukiwaachanisha?" akauliza. "Tukitoa gundi, tukaweka hewa kidogo katikati, nyembamba tu? Kila mmoja atabinuka anavyotaka. Kazi ya uso mmoja wanagawana wawili."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," nikasema.

"Ndiyo hivyo hasa."

"Basi mwambie Daktari."

Uso wake ukabadilika. "Mimi? Wa kuuliza anakaa ghorofa ya nne."

*

Hakumwambia. Alikokotoa peke yake, Jumamosi mchana na Jumapili, bila mashine, kwa kitabu cha majedwali na penseli, wiki sita mfululizo. Alibadilisha mbinuko wa huku, akajaribu. Akabadilisha wa kule, akajaribu. Mimi nilihakiki hesabu zake, maana hakuna hesabu ya mtu mmoja inayoaminika. Jumapili ya sita tukapata mwale wa chini kabisa, ule mkorofi kuliko yote, ukatua umbali wa nywele kutoka kwa wenzake. Tukaikagua mara mbili. Tukatazamana. Kisha Irmtraud akaikunja karatasi ya hesabu ile, akaiweka ndani ya kitabu chake cha majedwali, akasema imetosha, amejua alichotaka kujua.

Hapo ndipo mimi nilipofanya nilichofanya. Jumatatu zilikuwa zamu yangu kupeleka faili juu. Nilimwomba Irmtraud kitabu chake, nikasingizia changu kimeraruka; nikaitoa ile karatasi, nikaiingiza katikati ya karatasi za wiki ile, kati ya mwale wa sita na wa nane. Nikapanda ngazi. Nikaliweka faili juu ya meza ya Daktari, karibu na kipande cha jibini, nikateremka mbio.

Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu tukasikia vishindo ngazini, vizito, viwili viwili. Mlango ukafunguka bila kubishwa. Daktari Wengler alikuwa ameshika karatasi juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na nguo zake.

"Nani amekokotoa mwale wa saba?"

Bi Haas akasimama. "Kuna kosa, Bwana Daktari?"

"Nyuso kumi na moja! Mimi nilitoa nyuso kumi. Mtu ameniongezea uso!"

Irmtraud akaniangalia. Akaangalia kitabu chake mezani kwangu. Akaelewa. Sijawahi kuona mtu akigeuka mweupe namna ile, hata midomo.

"Ni mimi, Bwana Daktari," akasema akisimama.

"Ni mimi niliyeileta," nikasema, nikasimama vilevile. "Yeye hakutaka."

"Sitaki kujua nani aliyeileta!" Daktari akapiga hatua mbili. "Nataka kujua mkia uko wapi. Mkia umekwenda wapi? Nimeukagua huu mwale tangu saa mbili, mara mbili, na mkia haupo. Miezi kumi naishi nao. Umeupeleka wapi?"

Kisha Irmtraud akasema, kwa sauti ndogo, "Naweza kukuonyesha, Bwana Daktari. Lakini inahitaji ukumbi mrefu."

Alimtuma mwenzetu mwenye baiskeli kwa Mama Knapp. Nusu saa baadaye ile karatasi ya nyama ilikunjuliwa kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu, kutoka mlango wa choo hadi ngazini, na Daktari Wengler, mwenye cheti cha chuo kikuu, alivua viatu akatembea na mwale mwekundu akiwa na soksi zenye tundu kwenye kidole gumba. Alipofika uso wa nne akasimama. Akarudi nyuma. Akatembea tena. Akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya ile kona.

"Lo," akasema. "Lo, mimi mjinga."

"Si mjinga, Bwana Daktari. Wewe unaona tarakimu za mwisho tu. Sisi tunaiona njia yote."

Nikadhani hapo amekwenda mbali mno. Lakini Daktari alikaa kitako juu ya karatasi, akamtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Ukiachanisha vioo," akasema, "unapata nyuso mbili za hewa. Kila uso wa hewa hurudisha mwanga kidogo nyuma. Picha itakuwa na ukungu."

"Zamani, ndiyo. Siku hizi kule chini wanavipaka vioo ule utando wa zambarau, unazuia mwanga usirudi. Nilimuuliza Fundi Zeiler."

"Ulimuuliza Zeiler? Zeiler haongei na mtu!"

"Nilimpelekea keki ya plamu."

Fundi Zeiler akaitwa. Alikuwa mkuu wa wang'arishaji vioo, mtu mfupi mwenye upara, aprini yake imekauka kwa unga mwekundu wa kung'arishia. Akatazama mchoro, akatazama soksi za Daktari, akasikiliza wazo la kuachanisha vioo.

"Nafasi ya hewa kiasi gani?" akauliza mwishowe.

"Unene wa nywele tatu hivi," akasema Irmtraud.

"Nywele za nani? Zangu zimekwisha."

Hata Bi Haas alicheka. Nawaapia, nilimwona. Zeiler akakuna upara, akasema itabidi akate pete ya chuma nyembamba kama ganda la kitunguu ili ivishike vioo visigusane, na kwamba ni kazi ya kichaa, na kwamba ataanza kesho.

*

Mwale mmoja haujengi lenzi. Ilibidi tukokotoe yote upya, ya juu na ya chini, ya mshazari, nyekundu, kijani, buluu, kwa nyuso kumi na moja badala ya kumi. Tulichukua wiki saba. Lakini zilikuwa wiki za aina nyingine. Lenzi mpya ilichorwa kwenye karatasi nyingine ya nyama, ikatundikwa ukutani, na kila mwale uliokamilika, aliyeukokotoa aliinuka akauchora mwenyewe. Watu wakaanza kutetea miale yao kama farasi wa mashindano. "Wangu umetua pazuri kuliko wako!" "Wako ulipewa njia rahisi!" Na asubuhi moja Bi Haas alikuja hadi mezani kwa Irmtraud, akainama, akashusha sauti tusisikie, ingawa tulisikia wote.

"Bi Velten. Huu wa kijani. Unakwenda wapi?"

Irmtraud akamwonyesha kwa penseli. Bi Haas akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi kwenye kiti chake, na kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi.

Lenzi ya kwanza ilikamilika mwanzoni mwa Septemba. Ilikuwa nzito kama chungwa, na ukiitazama kwa ubavu iling'aa zambarau. Kwenye meza ya majaribio ilionyesha vizuri, lakini Daktari alisema meza ya majaribio haina pua wala macho. Anataka watu, ndani ya nyumba yenye giza, bila flashi.

"Mimi naolewa Jumamosi," nikasema.

Ni kweli, nilikuwa naolewa na Ruprecht wa posta, katika kanisa kuu letu, ambalo hata mchana wa jua ni kama pango. Na padri wetu alikuwa amepiga marufuku flashi, kwa sababu harusi ya mwaka jana taa moja ilipasuka kwa kishindo na mpiga kinanda, mzee wa watu, akaruka kutoka kwenye wimbo wa ndoa hadi wa mazishi. Hivyo maharusi wote wa mwaka ule walikuwa na picha za mlangoni tu.

"Bi Burgel," Daktari akasema, "ungeniruhusu?"

"Kwa sharti moja. Apige Irmtraud."

Jumamosi ikaja na mvua. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya paa, na ndani ya kanisa usingeweza kusoma kitabu cha nyimbo. Mishumaa ilikuwa imepangwa pande zote mbili. Mimi nilikuwa mbele na shela yangu, Ruprecht anatetemeka pembeni yangu kama barua inayotolewa kwenye bahasha, na kila nilipogeuza macho nilimwona Irmtraud nyuma ya nguzo, amepiga goti moja, kamera usoni, nywele zimelowa. Daktari alikuwa nyuma yake ameshika kofia kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza hakuisahau.

Tulikula, tukanywa mvinyo wa matufaha, tukacheza. Fundi Zeiler, asiyeongea na mtu, alicheza na Mama Knapp hadi viatu vyake vikafunguka.

Jumatatu, ingawa nilikuwa na ruhusa ya siku tatu, nilikwenda kiwandani na Ruprecht wangu. Picha zilikuwa zimesafishwa, zimekuzwa kubwa, zimepangwa mezani kwa Daktari, na chumba kizima cha hesabu kilikuwa kimejazana pale. Daktari hakunitazama mimi bibi harusi, ingawa nilikuwa katikati ya picha, kila uzi wa shela unahesabika. Alichukua kioo cha kukuzia akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya kushoto, chini. Pale ulikuwepo mshumaa. Ulikuwa mduara. Mdogo, mkali, kama ncha ya pini. Akaenda pembe ya kulia. Mwingine. Mduara.

Na chini ya mshumaa ule wa kulia, ukingoni kabisa mwa picha, mahali ambapo lenzi zote za duniani hupaka matope, alikuwa amekaa Mjomba wangu Balthasar. Amelala. Kinywa wazi. Na mle kinywani, mbele ya wanawake tisa, daktari mmoja na mume wangu wa siku mbili, ungeweza kuhesabu meno ya dhahabu: mawili juu, moja chini.

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha hakuna aliyeweza kujizuia. Ruprecht alishika ukuta. Bi Haas alivua miwani, machozi yanamtiririka. Daktari Wengler akaketi, akacheka bila sauti, mabega yanatikisika, kisha nikaona hacheki tena, au anacheka na kulia pamoja. Akanyoosha mkono kwa Irmtraud bila kuinuka.

"Asante," akasema. Hilo tu. Wakashikana mikono muda mrefu.

Mjomba Balthasar aliposikia alikasirika siku mbili, kisha akaomba nakala akaitundika sebuleni. Aliwaambia wageni, "Hiyo ni sayansi."

*

Kulikuwa na bwana mmoja katika uongozi aliyesema mchoro wa lenzi hauwezi kuwa na jina la msichana wa hesabu, haijawahi kutokea. Sikuwepo kwenye kikao, lakini katibu wake alituambia. Daktari Wengler alisikiliza hadi mwisho, akatoa kalamu mfukoni, akafuta jina lake mwenyewe kwenye mchoro, likabaki la Velten peke yake. "Sasa liko moja tu," akasema. "Chagueni: hilo, au yote mawili." Wakachagua yote mawili.

Na Irmtraud akapewa nafasi ghorofa ya nne, mbunifu msaidizi, chumba chenye dirisha. Walisema watamnunulia meza mpya. Yeye akasema hapana, anataka ile yake, na mashine yake ile ile ambayo mpini wake unalia. Waliohusika na kuhamisha samani wakasema watakuja Alhamisi ijayo.

"Alhamisi ijayo!" Bi Haas akasema, akikunja mikono ya blauzi. "Wanawake tisa hatuwezi kubeba meza?"

Tukaibeba. Ilikuwa meza ya mwaloni, ya zamani za vita vya kwanza, nzito kama ng'ombe. Wanne mbele, wawili nyuma, mmoja amekumbatia mashine ya hesabu kama mtoto mchanga, Irmtraud mwenyewe na kiti kichwani, na Bi Haas mbele yetu sote, amebeba droo, anatembea kinyumenyume juu ya ngazi na kuelekeza.

"Kushoto! Burgel, inua huko kwako, unalala? Kushoto kidogo tena. Angalieni kona!"

Katikati ya ngazi mtu akaanza kuimba, sijui nani, na tukaitikia huku tunahema, na kule chini mafundi wakatoka milangoni kutazama kuna nini. Daktari Wengler alikuwa amefungua mlango wa ghorofa ya nne na kuushikilia kwa mgongo. Tulipoiweka meza chini ya dirisha, Irmtraud alivuta kiti, akakaa, akaweka viganja vyake viwili juu ya ubao, na akatutazama, mmoja baada ya mwingine, uso umemwiva kwa furaha.

"Haya," akasema. "Nani anakaa anywe kahawa?"

Tulikaa wote.